Vali iliyonata si injini iliyokufa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu ugonjwa mmoja wa magari unaotibiwa kwa kubahatisha kila siku, Dar es Salaam na mikoani. Gari linawashwa asubuhi, linatetemeka, linamisi, yaani silinda moja au mbili haziwaki, taa ya cheki injini inawaka. Likishapata moto, dakika tano au kumi, linatulia kana kwamba halikuwa na lolote. Mwenye gari anakwenda gereji, anabadilishiwa plagi, kisha koili, kisha nozeli, na mwisho anaambiwa injini imekufa, akatafute ya mtumba Ilala. Kumbe kilichokuwa kinasumbua huenda ni vali moja tu, mlango mdogo wa silinda, iliyonata kwa masizi, na geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo wa silinda, ingeonyesha hivyo ndani ya nusu saa.

Kwanza ieleweke nafasi ambayo vali inafanyia kazi. Chukua 1NZ-FE, injini ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Raum na Spacio nyingi tunazoziona barabarani. Shina la vali lina unene wa karibu milimita 4.98, nalo linapita ndani ya vali gaidi, bomba dogo linaloliongoza, lenye tundu la milimita 5.01 hadi 5.03. Uwazi unaobaki kwa vali za inleti, zinazoingiza hewa, ni milimita 0.025 hadi 0.060, na kwa vali za ekzosi, zinazotoa moshi, 0.030 hadi 0.065. Huo ni uwazi usiofikia hata unene wa unywele. Ndani yake inatakiwa ipite oili kidogo ya kulainisha, basi. Yakiingia masizi au utando wa petroli iliyooza, springi inashindwa kuirudisha vali kwenye siti yake kwa wakati. Vali inabaki wazi kidogo, mgandamizo unavuja, silinda haiwaki.

Kunata kuko kwa namna mbili, na anayezichanganya atatibu isiyo yenyewe. Vali za inleti hunaswa zaidi na utando laini wenye gundi, unaotokana na petroli na mvuke wa oili. Utando huo huwa mgumu injini ikiwa ya baridi na hulainika ikipata joto, ndiyo maana gari linaumwa asubuhi na kupona saa tatu. Njombe au Makambako mwezi wa saba ugonjwa huu unaonekana wazi kuliko Temeke. Vali za ekzosi zina lao. Kule moto ni mkali, oili inayoshuka kwenye shina inaungua na kuwa kaboni ngumu kama mkaa ndani ya gaidi. Shina likipata moto linatanuka, uwazi ulioliwa na kaboni unakwisha, na vali inanata gari likiwa limeshachemka, hasa baada ya kupanda mlima au kukaa muda mrefu kwenye foleni. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe hili: linamisi likiwa la baridi au likiwa la moto?

Taa ikiwaka, mashine itasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, P0300 kama misi inahamahama, au P0301 hadi P0304 ikiitaja silinda yenyewe. Kodi hiyo inasema silinda haiwaki, haisemi kwa nini. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Hamisha koili na plagi ya silinda inayolalamikiwa, ziweke kwenye silinda ya jirani, futa kodi, washa tena gari likiwa katika hali ileile, yaani kesho yake asubuhi kama ni ugonjwa wa asubuhi. Misi ikihama, tatizo ni koili au plagi. Isipohama, acha kununua vipuri vya umeme, chukua geji.

Upimaji wa kompresheni nao una namna yake, na wengi wanaufanya nusunusu. Betri iwe imejaa. Toa plagi zote nne, si moja. Chomoa soketi za nozeli na za koili ili petroli isimwagike ndani wala umeme usiruke. Throto iwe wazi kabisa. Piga stata hadi injini izunguke mara sita au saba, andika namba, nenda silinda inayofuata kwa mizunguko ileile. Kwa 1NZ-FE, kitabu cha Toyota kinataja psi 213 kuwa ndiyo kawaida, 156 kuwa kiwango cha chini kabisa, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Kitabu kinataka injini ipimwe ikiwa ya moto. Kwa ugonjwa wa kunata, pima mara mbili: kwanza ikiwa ya baridi baada ya kulala usiku kucha, kisha ikiwa ya moto. Silinda inayosoma 60 asubuhi na 190 mchana inakuwa imeshajieleza yenyewe. Ringi za pistoni zilizokwisha haziponi kwa dakika kumi.

Nitaje jambo moja ambalo mafundi wa Mbeya, Iringa na Arusha wanalijua lakini wenye magari hawaambiwi. Hewa ya juu ni nyepesi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini nzima inayosoma psi 200 Dar es Salaam itasoma karibu 165. Hakuna kilichokufa hapo. Linganisha silinda na silinda ndani ya injini moja, usilinganishe na namba ya kitabu iliyoandikwa kwa usawa wa bahari.

Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha stata kidogo, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba ringi, kwa hiyo ringi ndizo zinazovuja. Ikibaki palepale, kinachovuja ni vali au gasketi ya silinda hedi. Ili kujua ni ipi, weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na usikilize. Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ishikiliwe, maana hewa inaweza kuizungusha. Mlio ukisikika kwenye bomba la hewa, ni vali ya inleti. Ukisikika kwenye ekzosi, ni vali ya ekzosi. Ukitokea kwenye kifuniko cha kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Siku hizi kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu zinauzwa bei ya kawaida, na ukiipitisha kwenye tundu la plagi au kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, unayaona masizi kwa macho yako.

Kabla ya kuyalaumu masizi, pima nafasi ya tepeti, kikombe kilicho kati ya kamshafti na vali, kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Kwa 1NZ-FE ikiwa ya baridi, inleti iwe milimita 0.15 hadi 0.25, ekzosi 0.25 hadi 0.35. Nafasi ikiwa imekwisha kabisa, vali haifungi kwa sababu kamshafti, shafti inayofungua vali, inaisukuma muda wote, na dalili zake zinafanana mno na za kunata. Hili linawahusu sana wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi, ambayo sasa yamejaa jijini. Gesi inawaka ikiwa kavu, siti za vali zinalika taratibu, vali inazama na nafasi ya tepeti inakwisha. Gesi pia haiioshi vali ya inleti kama inavyofanya petroli, kwa hiyo oili inayovuja kwenye vali sili, mpira unaozuia oili kushuka kwenye shina, inaganda palepale. Gari la gesi lipimwe nafasi za tepeti mapema kuliko la petroli, na mfumo uachwe uanze kwa petroli kila asubuhi kama ulivyopangwa. Wapo wanaouchezea ili gari lianze moja kwa moja na gesi, wakidhani wanaokoa petroli.

Sasa matibabu. Hatua ya kwanza kabisa ni kujua una injini ya aina gani, maana dawa inayofaa huku haifai kule. Fungua boneti, tafuta kibati chenye maelezo ya gari, soma mstari wa injini. Kwa Toyota, herufi za mwisho zikiwa FE kama 1NZ-FE au 1ZZ-FE, nozeli inapuliza petroli nyuma ya vali ya inleti. Zikiwa FSE kama 1AZ-FSE, iliyomo kwenye Premio, Allion, Noah na Voxy nyingi za cc 2000, hiyo ni D-4: nozeli inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota ilianza kuiuza teknolojia hiyo mwaka 1996, na mwaka huohuo Mitsubishi ikatoa GDI yake. Kwenye injini hizi petroli haigusi kabisa mgongo wa vali ya inleti. Kinachopita pale ni hewa, mvuke wa oili kutoka kwenye krenki, na moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini na mfumo wa EGR. Masizi yanajenga kichuguu na hakuna cha kuyaosha. Tangu mwaka 2005 Toyota ilianza kutoa injini zenye nozeli mbili kwa kila silinda, D-4S, na kuoshwa kwa vali ni moja ya faida zake.

Kwa hiyo ile chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi, inayouzwa kwa sifa nyingi, inaweza kusaidia gari la FE lenye utando mwepesi. Kwa gari la FSE inasafisha nozeli na ndani ya silinda tu. Vali ya inleti haitaiona hata tone. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa PEA, yaani polieteamini, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kweli wa kuondoa masizi. Fuata kipimo cha chupa kwa lita za tangi lako. Kuzidisha hakuongezi usafi, na dawa nyingine za bei rahisi zikizidishwa zenyewe zinaacha gundi kwenye shina. Endesha tangi hilo kwenye barabara ndefu, injini ikiwa ya moto kamili, ukikaa kwenye mizunguko 3,000 hadi 3,500 kwa dakika ishirini au thelathini. Dar hadi Chalinze panatosha. Baada ya hapo badilisha oili, kwa sababu sehemu ya dawa na uchafu ulioyeyuka imeshashuka huko. Kompresheni ya asubuhi isipobadilika baada ya tangi moja au mawili, usinunue chupa ya tatu.

Njia ya pili ni dawa ya kupuliza kwenye mkondo wa hewa injini ikiwa inanguruma. Pulizia baada ya kihisi cha hewa, usipulize juu yake, maana waya wake mwembamba unaharibika. Shikilia mizunguko 1,500 hadi 2,000, puliza kidogokidogo kwa sekunde moja au mbili, acha injini ijirudie, puliza tena. Anayemwaga mfululizo anaweza kujaza silinda kimiminika, na kimiminika hakigandamizwi: konirodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inapinda. Sababu hiyohiyo inatosha kumzuia mtu kumwagia maji au dizeli kwenye throto, mchezo ambao bado unafanyika na kusifiwa kwa sababu ya moshi mwingi unaotoka. Kwa gari lenye tabo njia hii nisingeishauri kabisa. Hata kwa yasiyo na tabo, inapunguza utando mpya. Kichuguu cha miaka kumi hakiguswi.

Kwa masizi mazito kinachofanya kazi ni kufungua manifoldi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mtulivu. Chomoa betri. Kwa D-4 usifungue bomba lolote la petroli la presha kubwa injini ikiwa ya moto au imezimwa sasa hivi, kwani mle ndani presha inazidi bar 80. Weka alama kila bomba na soketi, toa throto, toa manifoldi. Geuza krenki kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli, upande wa kulia tu, hadi vali zote mbili za inleti za silinda ya kwanza zifunge. Matundu mengine yazibwe kwa vitambaa, na vitambaa vihesabiwe. Kitambaa kilichosahauliwa ndani kimeshaua injini kuliko masizi yenyewe.

Kisha fanya jaribio dogo lenye thamani kubwa: mimina mililita kumi za dawa juu ya vali zilizofungwa, angaza kwa tochi, subiri dakika moja. Kimiminika kikibaki palepale, vali imeziba vizuri, haivuji. Kikishuka, hiyo ndiyo vali yako, na dawa imeingia kwenye silinda. Itoe kwa sirinji yenye mpira mrefu kupitia tundu la plagi kabla ya kuendelea. Kwa vali iliyoziba, ongeza dawa hadi mililita 20 au 30 ifunike masizi, iache saa kadhaa, au usiku kucha kama ni nyeusi nene. Sugua kwa brashi ya shaba au ya nailoni na kwa kijiti cha mbao au plastiki kilichochongwa. Bisibisi ya chuma haina kazi hapo, itakwaruza alumini na uso wa vali. Nyonya uchafu kwa kifyonzeo chenye bomba jembamba, futa, rudia. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo nusu mzunguko wa krenki unakuleta silinda ya tatu, nusu nyingine ya nne, na ya mwisho ya pili. Usiguse tundu ambalo vali yake iko wazi.

Gereji chache zenye vifaa hupuliza maganda ya walnati yaliyosagwa kwa hewa ya kompresa, huku kifyonzeo kikivuta palepale. Njia hii ni ya haraka na ni safi kuliko brashi, kwa sababu maganda ni laini kuliko chuma na hayali vali. Mchanga wa kupuliza kutoa rangi usikaribie hapo hata kwa dakika moja. Chembe moja ikibaki, ringi na silinda zitakwaruzika.

Kusafisha mgongo wa vali hakumaanishi kuwa shina limeachiwa ndani ya gaidi. Hapa wengi wanafunga gari na kushangaa misi imerudi. Ili kuujua ukweli, toa kifuniko cha vali, weka alama kwenye taiming cheni na gia zake, toa kamshafti. Geuza krenki robo mzunguko kutoka pale pistoni ya kwanza ilipo juu kabisa, ili pistoni zote nne ziwe katikati na vali isiweze kugonga. Injini ikiwa ya baridi, sukuma kila tepeti kwa mpini wa mbao na uiachie ghafla. Vali nzima inaruka juu kwa mlio mkavu. Inayonata inarudi kwa uvivu, au inabaki chini. Dondoshea shina lake, kutoka upande wa tundu la manifoldi, matone machache ya dawa ya kupenya kutu. Mchanganyiko wa asetoni na ATF, oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu unafanya kazi nzuri, ila asetoni inashika moto upesi na inaharibu mpira. Sukuma na kuachia mara hamsini, mara mia, ukiongeza tone baada ya tone, hadi irudi kwa mlio kama wenzake. Usiigonge kwa nyundo. Kwa kuwa vali sili imeloweshwa dawa na yumkini ilikuwa imeshakauka, ibadilishe hapohapo: ingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi, pandisha pistoni taratibu hadi kamba izishikilie vali, bana springi, toa sili ya zamani, weka mpya. Mwisho wa kamba ubaki nje muda wote. Kwa 1NZ-FE, sili za inleti ni za kijivu na za ekzosi ni nyeusi, zisichanganywe.

Vali isipokubali kwa njia hiyo, hasa ya ekzosi yenye kaboni ngumu, silinda hedi ishuke. Vali zitolewe na kupangwa kwa namba, kila moja irudi kwenye gaidi yake, kwani zimeshazoeana. Shina lisafishwe kwa dawa na pamba ya chuma laini kabisa, si msasa. Tundu la gaidi lisafishwe kwa brashi ya shaba ya milimita 5. Kisha pima: uwazi ukizidi milimita 0.08 kwa inleti au 0.10 kwa ekzosi, gaidi imekwisha, na kusafisha bila kuibadilisha ni kualika oili irudi kuungua. Kuna mtindo wa kuchemsha hedi kwenye soda kali ili ing'ae. Soda hiyo inakula alumini. Hedi inatoka ikiwa nyeupe kama sufuria mpya, na njia za oili zimelika.

Kusaga vali kunahitaji dawa kidogo tu, nukta tatu kwenye uso wa vali, mzunguke huku na huku hadi utokee mviringo wa kijivu usiokatika, wenye upana wa milimita 1.0 hadi 1.4. Osha dawa yote. Geuza hedi, funga plagi, mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya inleti na ekzosi, subiri dakika tano. Tone lolote likitokea upande wa silinda, rudia. Baada ya kusaga, vali inakaa juu zaidi na nafasi ya tepeti inapungua, kwa hiyo pima upya. Tepeti za 1NZ-FE hazina shimu. Zinanunuliwa kwa unene unaotakiwa. Wanaosaga ncha ya vali ili kukwepa gharama ya tepeti wanaondoa tabaka gumu la juu, na baada ya muda ncha inalika yenyewe. Uso wa hedi usipinde zaidi ya milimita 0.05, gasketi iwe mpya, na bolti kumi zikazwe kuanzia katikati kwenda nje: kwanza Nm 29 kwa toki renchi, kisha digrii 90, kisha digrii 90 nyingine. Anayekaza kwa kusikilizia mkono ataunguza gasketi na kuyasingizia masizi.

Masizi hayo yalitoka mahali, na pasipozibwa yatarudi. Mtuhumiwa wa kwanza ni vali ya PCV, kidude kidogo cha bei ndogo kuliko plagi, kinachopitisha mvuke wa oili kwenda manifoldi, kilichokazwa kwenye kifuniko cha vali. Kitoe, kitikise, kisipolia kimeganda. Puliza kutoka upande wa injini, hewa ipite kirahisi. Puliza kutoka upande wa manifoldi, ipite kwa shida. Kikifeli, badilisha pamoja na mpira wake. Wa pili ni oili. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na imetengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Tunaijaza 20W-50 kwa imani kwamba nzito ndiyo imara, tunapitisha kilomita 10,000, kisha tunazidisha nusu lita ili isipungue. Oili iliyozidi inatimka, mvuke unaongezeka, na PCV inaupeleka wote kwenye vali. Kilomita 5,000 kwa foleni za jiji hili ni kipimo cha haki, maana saa moja ya kusimama Ubungo haionekani kwenye mita ya kilomita lakini injini imeifanyia kazi.

Wa tatu ni petroli. Mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani yake hayageuki mvuke vizuri, yanaacha gundi kwenye vali na kuiongezea oili wepesi usiotakiwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huo, lakini petroli ya kwenye dumu kando ya barabara haina wa kuipima. Na petroli iliyokaa miezi sita au zaidi kwenye tangi la gari lililoegeshwa, iwe uani au kwa kesi, inaoza na kunuka kama vanishi. Gari la namna hiyo lisipigwe stata kabla ya kumwaga petroli yote na kuweka mpya. Ndivyo vali nyingi zinavyonata siku ya kwanza tu, na kwenye injini kama 1NZ-FE, ambayo pistoni na vali hupishana kwa nafasi ndogo, vali iliyonata wazi inaweza kugongwa na kupinda.

Ninachowaomba wenye magari ni kudai namba kabla ya kukubali kufunguliwa au kuuziwa injini: kompresheni ya silinda zote nne, baridi na moto, iandikwe kwenye karatasi. Fundi anayekataa kuandika, mwondolee gari. Na anayesema vali imenata aonyeshe kwa kamera au kwa mlio wa hewa. Baada ya matengenezo, karatasi hiyohiyo irudiwe gari likitembea kilomita 1,000, asubuhi, kabla halijawashwa, na plagi ya silinda iliyokuwa mbovu itolewe iangaliwe: ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea kazi imekwisha, ikiwa nyeusi yenye oili vali sili au gaidi bado inavuja.

Fundi wa injini,
Dar es Salaam